Julepu ya Kentucky na Mikono Iliyoichanganya

Tarehe 30 Machi 1937 Simon Bolivar Buckner mdogo, ofisa wa jeshi la Marekani na mzaliwa wa Kentucky, alijibu barua ya mkubwa wake. Meja Jenerali William Connor, aliyekuwa akiongoza chuo cha kijeshi cha West Point, alikuwa amemwomba amweleze jinsi ya kuchanganya julepu, kinywaji cha wiski ya bourbon, sukari, barafu na nanaa ambacho watu wa Kentucky humwandalia mgeni akifika nyumbani. Jibu lingeweza kutosha katika mistari minne. Buckner, ambaye baba yake alikuwa jenerali wa majeshi ya Kusini na baadaye gavana wa Kentucky, alimwandikia ibada nzima.

Alimwagiza aende kwenye chemchemi ateke maji pale yanapobubujika, kisha akifuate kijito hadi kinapopanuka katikati ya nanaa, achume vichipukizi laini na kuvipeleka nyumbani taratibu. Atoe bakuli la sukari alilorithi na kupanga vikombe vya fedha. Barafu itiwe kwenye mfuko wa turubai na kupondwa hadi iwe laini, lakini ibaki kavu, isigeuke tope. Kila kikombe kipate kijiko cha sukari, maji kidogo, jani moja tu la nanaa lililominywa, bourbon hadi robo ya kikombe, kisha barafu mpaka juu. Kikombe kifutwe nje na kukorogwa kwa ustadi hadi sakitu nyeupe iote juu ya fedha, ndipo wageni wakusanywe barazani au bustanini. Kwa Buckner huu ulikuwa urithi wa Kusini ya zamani na alama ya ukarimu wake. Aliuawa Okinawa Juni 1945, na barua yake imechapishwa tena na tena hadi leo.

Ni barua nzuri, na maelekezo yake yanafuatika. Ila ndani yake mwenye nyumba anaponda barafu mwenyewe. Kwa miaka mingi ya historia ya kinywaji hiki mwenye nyumba hakuponda barafu, hakuchuma nanaa, wala hakukifuta kikombe. Kulikuwa na mtu wa kazi hiyo, na katika ile Kusini aliyoienzi Buckner mtu huyo mara nyingi alikuwa mali ya mwenye nyumba. Kwangu, anayetaka kuijua julepu aanze na huyo.

Mojawapo ya kumbukumbu za mapema za julepu ya nanaa huko Marekani imo katika kitabu cha Mwingereza John Davis, kilichochapishwa London mwaka 1803. Davis alikuwa amefundisha watoto wa wenye mashamba wa Virginia, akaona desturi za nyumbani kwao kwa karibu. Alieleza kwamba watu wa Virginia huamka na kunywa pombe kali iliyotiwa nanaa. Hakutaja barafu wala bourbon. Pombe yenyewe ilitegemea kilichomo kabatini: tajiri alikuwa na brandi ya Ufaransa, wengine ramu ya visiwani, na wengine wiski ya shamba lao. Julepu ilikuwa na sifa ya dawa kabla ya kuwa na sifa ya starehe, na katika nchi ya mabonde yenye homa, kuinywa alfajiri hakukumshangaza mtu.

Bourbon ilikuja kutoka ng'ambo ya milima. Kaunti ya Bourbon ilianzishwa mwaka 1785, wakati Kentucky ingali sehemu ya Virginia, ikapewa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa waliowasaidia Wamarekani kupata uhuru wao. Kentucky ilipokuwa jimbo mwaka 1792, walowezi walikuwa wamekwisha gundua kwamba udongo wake unazaa mahindi kupita haja ya tumbo, na kwamba kuyapeleka sokoni ni adhabu. Barabara za kupita milimani zilikuwa mbaya, na farasi ana kiasi anachoweza kubeba. Mahindi yaliyopikwa wiski yalipungua uzito, yakapanda bei na hayakuoza. Mapipa yalipakiwa kwenye mashua, yakateremshwa mto Ohio, yakaingia Mississippi na kufika New Orleans.

Upishi wenyewe si mgeni kwa mtu aliyekulia karibu na wapika pombe wa Afrika Mashariki. Mahindi husagwa na kuchemshwa, kisha huongezwa rai, nafaka ya jamii ya ngano, pamoja na kimea cha shayiri kinachogeuza wanga kuwa sukari. Hamira hufanya kazi yake kwa siku kadhaa, halafu mchanganyiko hupashwa moto kwenye mtambo, na mvuke wake hupozwa na kuwa pombe kali. Maji ya Kentucky hupita kwenye mawe ya chokaa na kuacha chuma chake humo, jambo linalowafaa wapishi kwa kuwa chuma huharibu rangi na ladha. Tofauti kubwa iko kwenye pipa. Wiski inayotoka mtamboni haina rangi. Ikilazwa ndani ya pipa la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani, hupanuka wakati wa joto na kuingia kwenye mti, hunywea wakati wa baridi na kurudi, na kila mara hurudi na rangi, utamu na harufu ya mbao zilizoungua.

Kentucky hupenda kusimulia kwamba siri hiyo iligunduliwa na mhubiri wa Kibaptisti, Elijah Craig. Alikuwepo kweli na alipika wiski kweli, lakini hakuna hati ya wakati wake inayomtaja kuwa mgunduzi wa pipa la kuchomwa. Yenye ushahidi ni kwamba mwaka 1821 gazeti moja la Paris, mji mkuu wa Kaunti ya Bourbon, lilitangaza wiski kwa jina hilo la bourbon. Miaka michache baadaye James Crow, tabibu aliyetoka Uskoti, aliingiza vipimo na nidhamu ya maabara katika mitambo ya Kaunti ya Woodford. Alipima joto na uchachu, na akaifanya kanuni ile desturi ya kubakiza machicha ya mpiko uliopita ili kuanzishia mpya, hivyo wiski ya leo ikafanana na ya juzi. Alifariki mwaka 1856, na wapishi wa bourbon bado hufuata njia yake.

Majina ya wengine waliosimama kwenye mitambo hiyo yalichukua muda mrefu kutamkwa. George Washington, baada ya kuacha urais, alikuwa na mtambo mkubwa wa wiski shambani kwake Mount Vernon. Mwaka 1799 ulitoa karibu galoni 11,000, yaani zaidi ya lita 40,000, nyingi zikiwa za rai. Msimamizi alikuwa Mskoti James Anderson. Waliobeba nafaka, waliokoroga mapipa na kuchochea moto walikuwa watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Huko Tennessee, jirani na Kentucky, mtumwa Nathan Green, aliyeitwa Nearest, ndiye aliyemfundisha upishi kijana Jack Daniel, na baada ya utumwa kwisha akawa mpishi mkuu wake wa kwanza. Kampuni yenye jina la Jack Daniel ilianza kuisimulia habari hiyo waziwazi mwaka 2016.

Julepu tunayoijua leo isingekuwapo bila barafu, na barafu nayo ina historia yake. Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston alipakia melini barafu iliyokatwa kwenye madimbwi ya Massachusetts, akaipeleka Martinique katika Karibi. Watu walimcheka, na safari hiyo ilimtia hasara. Hakuacha. Alijifunza kuifunika kwa unga wa mbao na kujenga maghala yasiyopitisha joto, na mshirika wake Nathaniel Wyeth alitengeneza jembe la kukokotwa na farasi lililokata barafu vipande vya ukubwa mmoja. Mwaka 1833 meli ya Tudor ilifika Calcutta baada ya miezi minne baharini, na sehemu kubwa ya barafu ilikuwa bado mango. Katika miaka hiyohiyo wafanyabiashara wa Salem, bandari jirani na Boston, walikuwa wakileta Zanzibar kile kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani. Pamba ya viwanda vya New England ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, na majimbo hayohayo yalinunua barafu ya New England.

Barafu ilipokuwa rahisi, julepu iliacha kuwa dawa ya asubuhi ikawa fahari ya alasiri. Wasafiri kutoka Uingereza waliishangaa. Kapteni Frederick Marryat, mwandishi wa riwaya za bahari, aliisifu katika kitabu chake cha mwaka 1839 kuhusu Marekani. Charles Dickens, alipopita Baltimore mwaka 1842, aliketi na Washington Irving mbele ya julepu kubwa iliyopambwa maua, wakaiendea polepole hadi usiku.

Vyombo navyo viliizunguka. Mafundi wa fedha wa Kentucky, miongoni mwao Asa Blanchard wa Lexington, walifua vikombe vidogo vilivyonyooka ambavyo vilitolewa kama zawadi ya harusi au tuzo ya maonyesho ya kilimo, na familia ziliviachia watoto na wajukuu. Fedha hupitisha baridi upesi kuliko kioo. Barafu laini ikijazwa na kukorogwa, unyevu wa hewa hushika nje ya kikombe na kuganda, na mnywaji hushika ukingo wa juu au kitako ili joto la vidole lisiitoe ile sakitu. Kabla ya mirija kuenea, kichujio kidogo chenye matundu kiliwekwa juu ya kikombe kuzuia barafu isigonge meno. Wengine walinywea kwa bua la rai, ambalo lilitia ladha ya majani kinywajini. Marvin Stone wa Washington alipata hataza ya mrija wa karatasi Januari 1888, na inasimuliwa kwamba bua lililomchosha lilikuwa ndani ya julepu.

Aliyeifikisha julepu kileleni kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa mtumwa. John Dabney alizaliwa Virginia katika miaka ya 1820. Bibi aliyemmiliki alimkodisha kwa wenye hoteli, kama ilivyokuwa desturi ya miji ya Kusini: mtumwa alifanya kazi, ujira ulikwenda kwa mmiliki, na kilichozidi, pamoja na bahashishi za wateja, mtumwa aliweza kuruhusiwa kubaki nacho. Dabney aliishika kaunta. Julepu zake za Richmond ziliitwa za mvua ya mawe, kwa jinsi barafu ilivyorundikwa juu ya kikombe hadi ikasimama kama kichuguu, imezungushiwa matunda na maua na nanaa iliyochongoka katikati. Mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye angekuwa Mfalme Edward VII, alipotembelea Richmond Oktoba 1860, aliandaliwa julepu na wahudumu weusi wa mji huo. Heshima ya kikombe kile wengine humpa Dabney na wengine humpa mwenzake, Jim Cook.

Hebu tuitazame biashara hiyo kwa karibu. Kila julepu ilikuwa na fedha ya mwenye hoteli, fedha ya bibi mmiliki, na senti kidogo za Dabney. Kwa senti hizo alimnunua kwanza mkewe, Elizabeth, ili awe huru. Kisha akaanza kujinunua mwenyewe kwa mafungu, akimlipa bibi yule kidogo kidogo. Vita vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, deni lilikuwa bado halijaisha, na hapakuwa na sheria yoyote iliyomdai alimalizie. Dabney alikwenda akalipa salio lote. Mwanawe Wendell, mwandishi wa habari aliyeanzisha gazeti la *The Union* huko Cincinnati, aliiandika habari hiyo ya baba yake.

Wazungu wa Richmond walimsifu kwa uaminifu, na sifa hiyo iliwapendeza kwa kuwa ilifanya utumwa uonekane deni halali. Mimi siamini kwamba Dabney alikuwa akiuheshimu utumwa. Alikuwa mtu mwenye familia na biashara katika mji uleule, mbele ya wateja walewale, na alijua jina lisilo na doa lina thamani gani kwa mtu mweusi anayetaka kukopeshwa na benki. Alikopeshwa. Alinunua nyumba, akafungua mgahawa uliosifika, akasomesha watoto, akafa mwaka 1900 akiwa miongoni mwa watu mashuhuri wa Richmond. Haya yote yalisimama juu ya barafu, nanaa na mkono uliojua lini uache kukoroga.

Julepu za matajiri wa zama za Dabney zilikuwa za brandi kuliko wiski. Vita viliwafilisi wenye mashamba wengi, na katika miongo iliyofuata mdudu wa filoksera aliteketeza mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika na kupanda bei. Nafasi ikajazwa na kilichokuwa karibu. Kentucky ilikuwa na mapipa tele, na tangu mwaka 1897 kulikuwa na sheria ya serikali kuu iliyomlinda mnywaji: wiski yenye muhuri wa ghala la serikali ilipaswa kuwa ya mtambo mmoja na msimu mmoja, iliyolala miaka isiyopungua 4 na kutiwa chupani ikiwa na kilevi cha asilimia 50. Kabla ya hapo wafanyabiashara wengi walikuwa wakitia rangi na dawa katika pombe chafu na kuiuza kwa jina la bourbon.

Tarehe 17 Mei 1875 mashindano ya farasi ya Kentucky Derby yalikimbiwa kwa mara ya kwanza Louisville. Farasi Aristides alishinda, akiendeshwa na Oliver Lewis, na mkufunzi wake alikuwa Ansel Williamson, aliyezaliwa mtumwa. Kati ya wapanda farasi 15 wa siku hiyo, 13 walikuwa weusi. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902, na baada yake ubaguzi ukawaondoa weusi uwanjani. Hakuna mpanda farasi mweusi aliyeshinda tena. Julepu ilibaki kuwa kinywaji cha siku hiyo, na waliohusika na uhai wake wakatoweka kwenye picha.

Mmoja wao, hata hivyo, aliacha kitabu. Tom Bullock alizaliwa Louisville mwaka 1872, miaka 7 baada ya utumwa kufutwa. Alianza kazi za chini katika Pendennis Club, klabu ya matajiri wa Kizungu iliyoanzishwa mwaka 1881, akapanda hadi kuwa mhudumu wa baa. Klabu hiyo hudaiwa kuwa ndiko ilikozaliwa ile kokteli ya bourbon, sukari na machungu ya mitishamba inayoitwa Old Fashioned. Dai hilo halisimami: gazeti la Chicago lilikwisha kutaja kokteli za jina hilo mwaka 1880, na maana ya kokteli yenyewe, yaani pombe, sukari, maji na machungu, ilichapishwa Hudson, New York, tangu Mei 1806. Pendennis ina sababu bora ya kujivunia, nayo ni Bullock.

Baadaye alihamia St. Louis, Missouri, akaongoza baa ya St. Louis Country Club. Huko ndiko Theodore Roosevelt, rais mstaafu, alikopewa julepu. Mwaka 1912, alipokuwa akigombea urais tena, gazeti dogo la Michigan lilimwita mlevi. Roosevelt alimshtaki mwenye gazeti, George Newett, na kesi ikasikilizwa Marquette Mei 1913. Akiwa kizimbani alieleza kwa kiapo kila alichokunywa. Alipotajiwa julepu, alikiri zile alizokunywa Ikulu, ambako kulikuwa na kitalu cha nanaa, na moja ya St. Louis ambayo, alisema, hakuimaliza.

Newett alikubali kwamba hakuwa na ushahidi, na Roosevelt akashinda fidia aliyoiomba, senti 6. Lakini huko St. Louis tahariri ya gazeti la *Post-Dispatch* ya tarehe 28 Mei ilimjia juu kwa jambo jingine. Kumwamini rais kuhusu ulevi kunawezekana, gazeti lilisema kwa maneno yake, ila nani ataamini kwamba mtu aliionja julepu ya Tom akaiacha kikombeni? Wasomaji wake wakasoma jina la mhudumu mweusi wa baa kama kipimo cha ukweli wa rais.

Mwaka 1917 Bullock alichapisha *The Ideal Bartender*, kitabu cha kwanza cha kokteli kutolewa na Mmarekani mweusi. Tahariri ile aliiweka mwanzoni. Dibaji iliandikwa na George Herbert Walker, tajiri wa benki wa St. Louis, ambaye mjukuu wake na kitukuu chake wangekuja kuwa marais wa Marekani kwa jina la Bush. Julepu ya Bullock ya mtindo wa Kentucky ni fupi kuliko zote nilizosoma. Kikombe kikubwa cha fedha, bonge moja la sukari lililoyeyushwa kwa maji kidogo, barafu laini hadi juu, vipimo viwili vya bourbon kuukuu, kukoroga vizuri, shada la nanaa. Kisha onyo: nanaa isiminywe. Wengi huiponda nanaa kwa mchi hadi itoe uchungu wa majani. Bullock alijua kwamba anayekunywa julepu pua yake imo ndani ya shada, na kwamba harufu ndiyo kazi yote ya nanaa.

Kitabu kilitoka wakati mbaya. Desemba 1917 Bunge la Marekani lilipitisha pendekezo la kubadili katiba ili pombe ipigwe marufuku, na tarehe 17 Januari 1920 marufuku ikaanza. Mitambo ya Kentucky ilizimwa. Kampuni sita tu ziliruhusiwa kuuza wiski iliyobaki maghalani, tena kwa cheti cha daktari: painti moja, karibu nusu lita, kila siku 10. Ujuzi wa maisha yote wa mtu kama Bullock ukakosa pa kufanyiwa kazi kihalali.

Ni katika miaka 13 ya marufuku kokteli ilipohamia nyumbani. Baa zilipofungwa watu walikaribishana sebuleni, na mwenye nyumba akajikuta ameshika chombo cha kuchanganyia ambacho zamani alikiona mikononi mwa wengine. Marufuku ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933, na tabia ya nyumbani ikabaki. Ndiyo maana mwaka 1937 Buckner aliweza kumwelekeza jenerali aponde barafu kwa mkono wake. Mwishoni mwa muongo huo uwanja wa Derby ulianza kuuza julepu kwenye glasi za kumbukumbu, baada ya kuona watazamaji wakiondoka na glasi za mezani. Siku hizi kiasi cha julepu 120,000 huuzwa katika siku mbili za mashindano, Ijumaa na Jumamosi ya kwanza ya Mei. Nyingi huchanganywa kwa pupa na zina sukari kupita kiasi. Ya nyumbani huishinda ya uwanjani.

Bunge la Marekani lilitangaza tarehe 4 Mei 1964 kwamba bourbon ni bidhaa ya pekee ya nchi hiyo. Tom Bullock alifariki mwaka huohuo. Tangazo halikumtaja mtu yeyote aliyewahi kuichanganya.

Leo Kentucky ina mapipa ya bourbon mengi kuliko watu, na Mei inapofika nyumba za Louisville na Lexington hujaa ndugu waliotoka mbali. Katika miji hiyo Kiswahili nacho kinasikika shuleni na makanisani, kwa sababu familia nyingi zilizokimbia vita vya Kongo zimewekwa huko. Kwa hiyo kuna uwezekano wa kweli kwamba msomaji wa lugha hii ana shemeji Kentucky ambaye atamtengea kikombe, au yeye mwenyewe atawapokea ndugu huko siku ya mashindano.

Anayetaka kuwapokea vizuri aanze usiku. Vikombe vya chuma, hata kama si vya fedha, vilale kwenye friza vikiwa vikavu. Shira ipikwe kwa sukari na maji sawa kwa sawa, ipozwe. Bourbon ichaguliwe yenye nguvu, karibu asilimia 50, kwa kuwa barafu itaizimua; ya asilimia 40, ambacho ndicho kiwango cha chini kisheria, hupwaya kabla mgeni hajafika nusu. Lebo ikisema bourbon, ujue angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi na pipa lake lilikuwa jipya, la mwaloni uliochomwa. Barafu ifungwe kwenye kitambaa safi cha pamba kisha igongwe kwa mchi. Kitambaa kitanyonya maji na kuiacha kavu. Nanaa ichumwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaketi.

Shira mililita 15, bourbon mililita 60, barafu nusu ya kikombe, koroga hadi nje kuwe kweupe, ongeza barafu irundikane, chomeka mrija mfupi na shada la nanaa kando yake. Kabla ya kulichomeka, lipige shada mara moja juu ya kiganja, basi. Wapo watakaokuambia uiponde nanaa chini ya kikombe; mimi nafuata agizo la Bullock, na mgeni akiuliza nimejifunza kwa nani namtajia jina lake na mji aliozaliwa.

Wazee wapewe kwanza. Asiyekunywa pombe, kwa dini au kwa afya, apewe kikombe kilekile, barafu ileile na shada lilelile, na mahali pa wiski pawe na maji baridi yenye ndimu iliyokamuliwa wakati huohuo. Asiachwe na soda ya chupa huku wenzake wakiwa na sakitu mkononi. Mtu akitaka cha pili, usimwongezee bourbon juu ya barafu iliyoyeyuka. Mwaga yote, toa kikombe kingine kwenye friza, anza upya.